Kinywa Kilichomwita Mwizi

Tunduma, ukiwa na mtoto mdogo na shughuli ya kufanya, ulielekezwa kwa Tumpale. Hakuwa na kibao mlangoni, wala chumba chenye picha za tembo ukutani kama vile vishule vya siku hizi ambavyo mtoto anarudi anajua kuimba na nepi imemganda. Tumpale alikuwa na uwanja uliofagiliwa, mkeka, sufuria ya uji wa ulezi, na mgongo.

Mgongo huo ulianza kazi Mbebe, huko milimani Ileje, mwenyewe akiwa bado anapangusa kamasi kwa mkono. Mama yake yuko shambani, yeye amefungiwa mdogo wake mgongoni, na ole wake kilio kifike kwa aliyeshika jembe. Alipomaliza darasa la saba hakuna aliyemuuliza anataka kuwa nani. Akaolewa na Yesaya, fundi baiskeli, wakashuka Tunduma kutafuta maisha, wakapata binti mmoja, Mercy. Yesaya alipofariki, wanawake wa sokoni ndio waliomfuata mjane pale pale uwanjani.

"Mama Mercy, nishikie huyu, navuka Nakonde mara moja."

Na hiyo mara moja ya Tunduma unaijua. Mtu anavuka kwenda Zambia na jua la asubuhi anarudi na giza, mtoto keshamzoea mwenye mkeka kuliko aliyemzaa. Tumpale hakuwahi kumkataa mtoto. Mwenye mafua, mwenye upele, anayeng'ata, wote walipita mgongoni.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kuachisha ziwa. Mtoto ameshindikana, pilipili amezoea, shubiri anailamba kama asali, mama ana mimba nyingine na ziwa halimwachi kulala. Anapelekwa kwa Tumpale. Anakaa huko mpaka asahau, kisha anarudishwa kwao anakula ugali kama mtu mzima. Kazi hiyo ina mwiko wake, na mwiko wenyewe ni mmoja: mtoto akishabebwa, asimwone mama. Si kwa mbali, si dirishani. Akimwona tu, kazi imekwenda na maji, na atakayeanza upya atakuta mtoto amekuwa simba. Ndiyo maana siku ya kumchukua, bibi hubeba mtoto, na mama hufuata nyuma kwa kujifichaficha, mpaka ahakikishe mwanawe amefika salama. Halafu anarudi kwake kulia na kukamua maziwa kwenye kikombe.

Sasa Mercy mwenyewe alikuwa ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kijana mmoja muuza vipuri vya magari anaitwa Nathanaeli. Walikuwa na mtoto wa kiume, Joshua, meno yote mdomoni na bado anafungua blauzi ya mama yake mbele za wageni. Mercy akashika mimba ya pili. Akampigia mama yake simu.

"Mama, njoo umchukue mumeo, amenishinda."

"Mume wangu hanyonyi," Tumpale akasema. "Huyo ni mume wako. Lakini nakuja."

Akaenda. Akamfunga Joshua mgongoni kwa kitenge, mtoto akaanza kulia toka mlangoni. Mercy akawaacha watangulie kidogo, kisha akafuata kwa kuchepukachepuka, nyuma ya watu, nyuma ya mikokoteni, mpaka wakafika kwenye geti la kuingilia Tanzania. Malori yalikuwa yamepanga mstari kama kawaida. Mercy akajibanza nyuma ya tairi la lori moja, tumbo lake kubwa limekunjwa kadiri linavyokunjika.

Askari wa mpakani akamsimamisha Tumpale. Alikuwa kijana mpya, wa kuja, wala hakuwa mbaya. Mtoto analia hivyo, lazima mtu aulize.

"Mama, huyu mtoto wa nani?"

"Mjukuu wangu."

"Mama yake yuko wapi?"

Na hapo ndipo Tumpale alipokosea, kosa la mtu wa kwao. Mercy alikuwa pale pale, upindo wa kitenge chake unaonekana nyuma ya tairi. Kumwita ilikuwa neno moja tu.

"Yupo," akajibu.

"Yupo wapi?"

"Yupo tu, baba. Siwezi kumwita."

"Huwezi kumwita kwa nini?"

"Mtoto atamwona."

Kwa mtu wa Mbebe, jibu hilo limekamilika, hata swali la pili halihitajiki. Kwa yule askari lilikuwa jibu la mtu mwenye jambo. Akamwomba aingie ndani wazungumze vizuri. Watu wakaanza kusogea, maana Tunduma watu hawana haraka kama kuna mwenzao yuko matatani.

Katika hao waliosogea alikuwepo Fanueli. Huyu alikuwa na televisheni yake ya mtandaoni inaitwa Boda Motomoto, yeye ndiye mwandishi, yeye ndiye mpiga picha, yeye ndiye mhariri, yaani alikuwa kama mtu anayejipigia kura mwenyewe na kujihesabia. Amevaa kizibao cha mifuko mingi, isiyo na kitu ndani. Alikuja kupiga picha foleni ya malori, ambayo hakuna anayeiangalia, na tazama Mungu alivyomshushia riziki. Simu yake ilikuwa inarekodi toka askari alipoanza kuuliza; sasa akainyoosha kwa fimbo.

"Mama, huyu mtoto umemwiba wapi?"

Hivyo ndivyo alivyouliza. Hakuuliza kama umemwiba. Aliuliza wapi.

"Nenda zako," Tumpale akamwambia. "Mama yako alikuachisha mapema mno, ndiyo maana bado unatafuta cha kunyonya."

Watu wakacheka. Kicheko hicho hakikuonekana kamwe kwenye simu.

Ndani, mambo hayakuchukua muda. Tumpale akamnong'oneza askari wa kike lori lilipo, naye akatoka akamleta Mercy kwa mlango wa nyuma. Joshua akafunikwa kichwa kwa kitenge asione, Mercy akatoa kadi ya kliniki na kitambulisho, akaeleza kwa kunong'ona ili mtoto asitambue sauti. Askari wa kike, mwenyewe ana watoto, alicheka mpaka akashika meza. Yule kijana akasema, "Bibi, pole sana, nenda." Tumpale akatoka nje na mjukuu wake. Akamtafuta Fanueli kwa macho ili amwambie, angalia, nimetoka. Fanueli hakuwepo. Kwake yeye habari ilikuwa imeishia pale ilipokuwa tamu.

Jioni ile ile video ikaingia kwenye simu za watu. MWIZI WA WATOTO ANASWA MPAKANI TUNDUMA. Sura ya Tumpale, imeng'aa kwa jasho. Sura ya Joshua, wazi kabisa, mdomo umefunguka kwa kilio. Sauti ya Tumpale inasema, "Siwezi kumwita. Mtoto atamwona." Halafu inarudiwa. Halafu inarudiwa tena, na muziki wa kutisha chini yake. Na sauti ya Fanueli: "Inadaiwa kuwa ni mtandao mkubwa unaovusha watoto kwenda nje ya nchi." Inadaiwa. Nani anadai, hakumtaja, kwa kuwa aliyedai ni yeye.

Na kama kuna mtu mwenye akili aliyejiuliza inakuwaje mwizi anavusha watoto kwenda nje huku anatoka nje kuingia ndani, basi aliuliza kimoyomoyo.

Kesho yake Jenista, muuza viatu vya mitumba, alikuja uwanjani mapema. Alikuwa amemwacha mwanawe Danieli pale toka ana miezi michache.

"Shikamoo, Mama Mercy."

"Marahaba. Mbona mapema? Soko limeungua?"

"Halijaungua. Nimemfuata Danieli."

"Hajanywa uji."

"Atakunywa nyumbani."

Tumpale akaweka mwiko chini. "Umeona simu."

"Si mimi, mama. Ni baba Danieli."

"Danieli aliugua surua kwenye mgongo huu, Jenista. Wewe ulikuwa Lusaka, baba yake anaangalia mpira."

"Najua, mama. Najua kabisa." Jenista alikuwa anamvalisha mtoto viatu, kushoto kulia, kulia kushoto, haoni. "Lakini simu imesema."

Wakaja na wengine. Waliokuwa na aibu walitunga safari, shangazi anakuja, bibi kampenda mtoto. Wasio na aibu hawakuja, walimtuma dereva wa bodaboda, mtoto akapakiwa kama kiroba. Kabla wiki haijaisha mkeka ulibaki na Joshua peke yake, na mwenyewe alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa amelala usiku mzima bila kuuliza ziwa.

Ndipo akaja mkwewe, Rozi, mama yake Nathanaeli. Mwanamke wa heshima, wa kanisani, kilemba chake hakijawahi kupinda. Akakaribishwa kigoda, akakataa maji.

"Bamayo," akasema, kama wanavyoitana akina mama upande wa Zambia, "mimi najua hukuiba. Mtoto ni damu ya mwanangu, ningekosaje kujua?"

"Sasa kinachokuleta ni nini, mkwe?"

"Nakonde nzima imeona. Kwaya wananiuliza kama huko kwenu ndiyo kazi ya ukoo. Muuza nyanya ameniuliza. Mchungaji hakuniuliza, aliniombea, na hiyo ni mbaya zaidi."

"Nathanaeli anasemaje?"

"Nathanaeli hana neno. Nyumba ni yangu."

Tumpale akauliza lile lililokuwa limemkaa moyoni. "Mercy akijifungua, nani atamkanda? Nani atamwogesha mtoto?"

Kwa maana hiyo ndiyo haki ya mama mzazi wa binti, na wala hainunuliwi. Binti akijifungua, mama yake anakwenda na unga wa ulezi, anamkanda kwa maji ya moto, anamwogesha kichanga, anakaa mpaka kitovu kianguke na zaidi. Kwa Joshua alikaa mpaka akazoea majirani wote wa Nakonde kwa majina.

Rozi akaangalia kilele cha mlima kule mbali, hakumwangalia yeye. "Kinywa kilichosema ndicho kiseme. Yule kijana aseme kwenye simu kwamba alikosea, watu waone kama walivyoona. Siku hiyo nitakuja mwenyewe kukuchukua. Lakini nikikuleta hivi hivi, watasema nimefuga mwizi karibu na kitanda cha mzazi."

"Na asiposema?"

Rozi akamfunga Joshua mgongoni. Mtoto akapiga kelele, safari hii akinyoosha mikono kwa bibi yake. Naye bibi, mwenye kujua kila dawa ya kilio, alikaa kwenye kigoda na kuangalia.

Ofisi ya Boda Motomoto ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kuchaji simu. Fanueli alikuwa amekaa mbele ya kitambaa cha kijani cha kurekodia.

"Karibu, mama. Una habari?"

"Habari ni mimi."

Akamtazama. Hakumtambua. Hilo lilimuumiza Tumpale kuliko video yenyewe: Nakonde nzima inamjua, aliyemtangaza hamjui.

"Mwizi wa watoto," akamsaidia.

"Ahaa." Uso wake ukachangamka, akamvutia kiti. "Mama, ile ilikwenda vizuri sana. Sijawahi kupata watazamaji kama wale."

"Unajua kwamba niliachiwa hapo hapo? Mama wa mtoto alikuja, kadi ikatolewa."

"Nilishaondoka. Habari ni kama chapati, mama, ukichelewa inapoa."

"Na ukiwahi sana unawalisha watu unga mbichi."

Akacheka, akaonekana kweli amependa. "Una maneno, mama. Lakini mimi nilisema inadaiwa. Sikusema umeiba, nilisema inadaiwa."

"Na kule juu kwa herufi kubwa uliandika inadaiwa?"

"Pale nafasi ni ndogo."

"Basi ifute."

"Ile siwezi kuifuta, ndiyo inayonilisha."

"Sema basi ulikosea."

"Nilikosea wapi? Hukusimamishwa?"

"Nilisimamishwa."

"Hukusema huwezi kumwita mama yake?"

"Nilisema."

"Si umeona. Kila kitu ni cha kweli." Alisema kwa upole, kama mwalimu anayemwelewesha mtoto mzito wa hesabu. Na Tumpale, ambaye ulimi wake haujawahi kulala na njaa, akanyanyuka kitini. Kila kipande kilikuwa cha kweli, na vyote pamoja vilikuwa uongo. Utaanzia wapi kumweleza mtu wa hivyo?

Alipokuwa mlangoni Fanueli akamwambia, "Ukiwa na malalamiko, mama, ni haki yako. Andika."

Ni Jenista aliyemtajia Ezron. Dhamira ilikuwa inamsuta, na dhamira ya mtu mwoga hulipa kwa ushauri. Mzee Ezron alikuwa mtangazaji wa zamani, sauti yake wazee bado wanaiiga, na vijana wengi wa mkoa walifundishwa kazi naye, Fanueli akiwemo. Alikuwa amestaafu yuko Iyula, wilayani Mbozi, analima kahawa.

Tumpale akapanda hiasi mpaka Mbozi, akamkuta mzee kwenye vichanja, anachambua kahawa mbovu na kuitupa pembeni. Akamweleza kila kitu, naye akasikiliza bila kumkatiza, vidole vinachambua. Ilikuwa mara ya kwanza toka siku ile mtu kumwacha amalize sentensi.

"Kanuni ipo," Ezron akasema mwishowe, na sauti ilikuwa ile ile ya redioni, ukimsikia unakaa vizuri. "Usitangaze mpaka usikie upande wa pili. Mtoto usimwonyeshe sura. Usimwite mtu mwizi mpaka mahakama imwite. Na ukikosea, sahihisha pale pale ulipokosea, kwa ukubwa ule ule."

"Kwa ukubwa ule ule," Tumpale akarudia. Aliyapenda maneno hayo. Aliyaona yameandikwa kwa herufi kubwa juu ya sura yake.

"Ndiyo, dada."

"Na asipofuata, anafanywa nini?"

Mzee akatupa punje moja, kisha nyingine. "Unaweza kulalamika. Wapo wenye kusikiliza malalamiko, wako mbali. Barua inakwenda, naye anaandikiwa, anajibu au hajibu. Mwaka unaweza kuisha."

"Mercy hawezi kukaa na mimba mwaka, baba."

"Najua."

"Basi hizo kanuni zenu ni kama sanamu mnayosimamisha shambani. Ndege wa kwanza anaogopa. Wa pili anaikalia kichwani."

Mzee hakukasirika. "Wa pili huyo nilimfundisha mwenyewe," akasema. Akafuta mikono, akampigia Fanueli simu mbele yake. Akaongea kwa ukali kidogo, kwa kubembeleza kidogo, akataja kanuni, akataja siku za nyuma. Tumpale alisikia upande wa pili ukisema ndiyo mwalimu, sawa mwalimu.

"Atakuja kwako," Ezron akamwambia. "Atakupa nafasi ya kujibu. Sema kwa kifupi. Na umwambie akuonyeshe kabla hajaitoa."

Alimsindikiza mpaka barabarani na kumpa mfuko wa ndizi. Mtu mwema. Tunduma haina shida ya watu wema, ila wote wamestaafu.

Fanueli alikuja kweli, na wakati huo Mercy alikuwa amebakiza siku za kuhesabu vidoleni. Tumpale alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kufagia uwanja mara mbili. Alikuwa ameyasema maneno yake kwa sauti mbele ya sufuria mpaka sufuria ikayajua. Fanueli akasema jua si zuri pale, akamkalisha karibu na jiko la kuni, eti panaonekana pana maisha. Moshi ukawa unampiga machoni.

"Mama, walikuitaje?"

"Waliniita mwizi wa watoto. Ni wewe uliyeniita."

"Usinitaje mimi, mama, nyoosha tu. Walikuitaje?"

"Mwizi wa watoto."

"Na kazi yako ni nini?"

"Watoto wengi wa Tunduma wamepita mikononi mwangu, na hakuna hata mmoja aliyepotea. Siku ile nilikuwa nampeleka mjukuu wangu kuachishwa ziwa. Mama yake alikuwa nyuma ya lori, alijificha mtoto asimwone. Waliokuwa kazini walihakikisha, wakaniachia, wakaniambia pole."

Alisema vizuri. Hata yeye aliona amesema vizuri. Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, kwa ajili ya moshi, na Fanueli akasogeza simu karibu.

"Unajisikiaje, mama?"

"Najisikia moshi. Utanionyesha kabla hujaitoa?"

"Hilo usitie shaka."

Akamkaribisha uji. Akanywa, akasifu, akaongezewa.

Ilitoka kabla Tumpale hajaosha kikombe. Jenista ndiye aliyemletea simu, anaishika kwa mbali kama kitu kinachovuja. MWIZI WA WATOTO TUNDUMA AFUNGUKA, AMWAGA MACHOZI. Na chini yake, kwa rangi nyekundu: "Watoto wengi wamepita mikononi mwangu." Tumpale anaonekana kwenye moshi, anapangusa macho. Sauti yake inasema watoto wengi wa Tunduma wamepita mikononi mwangu, na muziki unaingia. Lile la hakuna aliyepotea limepotea. Yale ya Mercy na lori yalikuwepo, mwishoni kabisa, baada ya tangazo la magodoro, mahali ambapo hata mwenye godoro hafiki. Na Joshua amewekwa tena pembeni, mdomo wazi.

"Labda watu wataangalia mpaka mwisho," Jenista akasema.

"Wewe uliangalia mpaka mwisho?"

Jenista akainamisha kichwa.

Mzee Ezron alipiga simu. Akasema ataandika malalamiko kwa jina lake mwenyewe, atayafuatilia mpaka mwisho.

"Andika, baba," Tumpale akamwambia. "Nashukuru. Majibu yakija mpe Joshua, atakuwa anajua kusoma."

Usiku hakulala, lakini hakulia. Machozi yake walikwishayatumia.

Mercy akajifungua mwisho wa wiki ile. Nathanaeli ndiye aliyepiga simu.

"Mama, tumepata mtoto wa kike. Wote wazima."

"Ashukuriwe Mungu. Nani anamwogesha?"

"Mama yangu."

"Mwambie maji apime kwa kiwiko, si kwa kiganja. Kiganja cha mtu mzima hakisikii."

"Nitamwambia."

"Na Mercy akandwe mgongoni pia, si tumboni tu. Joshua alimwachia maumivu ya mgongo."

"Nitamwambia, mama." Kisha akawa kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Mama. Mercy alitaka mtoto aitwe Tumpale."

Kabla hajajibiwa, Nathanaeli akaongeza haraka.

"Mama yangu anasema tusubiri kwanza. Mpaka mambo yapoe. Jina, unajua, mama, mtu akiliandika kwenye simu linaleta ile video."

"Sawa," Tumpale akasema. "Msimtwishe mtoto." Na alimaanisha. Angekuwa yeye Rozi angesema hivyo hivyo, na hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote, kwamba hakupata hata mtu wa kumchukia vizuri.

Unga wa ulezi alikuwa ameshausaga. Akaufunga pamoja na vitenge vikuukuu vilivyofuliwa mpaka vikawa laini, vya kumfungia kichanga, akaenda nao mpakani. Nathanaeli alikuja upande huu akaupokea, akashukuru, akaangalia chini, akavuka. Tumpale akasimama kidogo karibu na geti akiangalia Nakonde, mabati yake yale yale na moshi wake ule ule. Ni hatua chache. Vyakula vinavuka, magodoro yanavuka, panya wanavuka.

Pembeni yake alikuwa amesimama mwanamke mmoja kijana, mgeni wa mji kwa kumwangalia, begi begani, karatasi mkononi, na mtoto wa kike anayelia ametoka jasho kichwani. Alikuwa anatafuta pa kumweka mtoto ili aandike. Akamwona mama mtu mzima, kitenge safi, uso wa mlezi.

"Mama yangu, nishikie kidogo huyu, nimalize pale dirishani."

Mtoto akanyoosha mikono. Na mikono ya Tumpale ilikuwa imekwishanyanyuka, yenyewe, bila kuulizwa, kama ilivyofanya toka Mbebe. Akaiona iko hewani. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kuna vijana wamekaa kwenye bodaboda zao, kila mmoja na simu yake. Akaiteremsha na kuiingiza chini ya kitenge.

"Siwezi, mwanangu."

"Kidogo tu, mama. Sichelewi."

"Tafuta mwingine."

Mwanamke akasonya. "Watu wazima wa siku hizi," akasema, si kwa kumwambia yeye hasa, "wanaona mtoto analia wanakunja mikono."

Tumpale akashika njia ya nyumbani. Alijua kile kilio ni cha nini, ni cha joto, mtoto alikuwa amefungwa kofia ya sufu katika jua lile. Kofia tu, ivuliwe. Alikisikia mpaka kwenye kona ya malori, na hakugeuka kusema.